Ekari 12 za familia upande wa Chanika: tuanzie wapi kabla ya kukata viwanja?

BintiMzee

Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo yenu. Marehemu baba alituachia shamba la ekari 12 upande wa Chanika, Dar es Salaam. Lina mikorosho na miembe, na kule chini kuna korongo linalopitisha maji wakati wa masika. Tuko ndugu saba, mirathi imeshakamilika na msimamizi ni kaka yetu mkubwa. Tumekubaliana tusikatiane vipande kila mtu akauze kivyake. Tunataka tulipange lote kwa pamoja, kila mmoja abaki na kiwanja cha kujenga na vingine viuzwe.

Sasa amekuja dalali pamoja na mtu anayejitambulisha kuwa mpimaji. Wamezunguka shamba, wamepiga hesabu palepale chini ya mwembe, wakasema vitatoka viwanja 80 vya mita za mraba 600 kila kimoja. Wanataka kuweka bikoni (alama za mipaka ya viwanja) mwezi huuhuu na kuanza kuuza, barabara zitachongwa na greda baadaye. Kaka zangu wamefurahi sana. Mimi roho inasita, kwa sababu majirani zetu wa upande wa juu walikata viwanja kwa mtindo huohuo, na leo mvua ikinyesha gari haifiki kwao na maji yao yote yanashukia kwetu.

Ninachouliza ni hiki: nani anatakiwa kutangulia, mpimaji, afisa mipango miji au mhandisi? Lile korongo tulifanyeje, lifukiwe? Na pesa ya barabara na mitaro itoke wapi ikiwa bado hatujauza kitu?

---

Mchundo Mstaafu

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Kazi yangu ilikuwa ufundi mchundo, barabara na mitaro, mpaka nilipostaafu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo unaloliuliza ndilo linaloliumiza jiji letu kila masika, na bado mna nafasi ya kulifanya vizuri. Shamba tupu ni utajiri mkubwa kwa mtu wa mipango.

Nianze na hizo 80. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Zidisha kwa 12, unapata 48,564. Gawanya kwa 600: ni 80 na chenji kidogo. Maana yake wamechukua shamba lote wakaligawa kama lilivyo, bila kuacha hata njia ya mguu. Hakuna barabara humo, hakuna mtaro, hakuna korongo, hakuna mahali pa watoto kuchezea. Ukitenga asilimia 30 kwa ajili ya hivyo vyote zinabaki mita za mraba 34,000 hivi, nazo ni viwanja 56. Kwa kuwa mna korongo, msishangae vikiwa 50. Anayeahidi 80 itabidi ama abane barabara mpaka magari mawili yasipishane, ama auze korongo. Na korongo huuzwa kiangazi, kwa mnunuzi ambaye hajawahi kuliona likiwa na maji.

Umeuliza nani atangulie. Kabla ya mtaalamu yeyote yanatangulia maji. Jueni kwanza maji yanaingilia wapi, yanapita wapi na yanatokea wapi. Hapo ndipo barabara zinapojulikana, na kiwanja kinakuja mwisho kabisa. Nimeona miradi mingi, ya watu binafsi na ya umma, iliyokwenda kinyume: viwanja kwanza kwa sababu ndivyo vinavyoleta pesa, barabara pale palipobaki, na maji yakaambiwa yajitafutie.

Tuyapime hayo maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar es Salaam huileta bila taabu, ikinyesha juu ya ekari zenu 12 ni lita milioni 2.4. Leo sehemu kubwa inanywewa na ardhi, maana pana majani, mizizi na udongo uliolegea. Mkishajenga, paa halinywi maji na uani uliosakafiwa haunywi. Paa la mita za mraba 150 linamwaga lita 7,500 kwa mvua hiyo moja. Nyumba 50 za namna hiyo ni lita 375,000 kutoka kwenye mapaa tu, na zinafika mtaroni ndani ya dakika chache. Ongeza yale ya majirani wa juu, ambao nao hawajamaliza kujenga. Kwa hiyo mtu akija kukupimia kalavati, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, kwa kutazama maji yanayopita leo, mwambie arudi na hesabu ya siku ambayo viwanja vyote, vyenu na vya juu yenu, vimeshajengwa.

Kazi ya kwanza ya kulipia, basi, ni ramani ya kontua, yaani inayoonyesha miinuko ya ardhi, yenye mistari ya kila nusu mita ya mwinuko. Mpimaji aliyesajiliwa anaifanya. Anaweza kuwa huyohuyo wa dalali ikiwa kweli ana usajili, muombeni namba yake mkaihakiki. Ila apime ardhi ilivyo, bikoni bado. Pamoja na hiyo chimbeni mashimo ya majaribio ya mita mbili hivi, juu, katikati na karibu na korongo, mjue udongo wenu. Mchanga una mambo yake, mfinyanzi una mambo yake. Udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka huvunja barabara na msingi wa nyumba kwa pamoja. Bora kuujua mapema, sehemu hiyo ikawa uwanja wa mpira. Na masika mmoja wenu akakae shambani na simu yake, apige picha, apigilie vigingi kila mahali maji yalipofikia. Hakuna ramani inayoizidi hiyo. Waulizeni pia wazee wa hapo kuhusu mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yalifika wapi.

Ramani ikipatikana, afisa mipango miji na mhandisi wakae nayo pamoja, meza moja, siku moja. Mahali miradi yetu inapoharibikia ni kwamba hawa watu hupokezana: mmoja anamaliza anaondoka, wa pili anakuta mambo yamekwisha. Mhandisi akiitwa baada ya bikoni kusimama, kilichobaki kwake ni kulazimisha maji yapande mlima. Mchoro wa mipango miji upitishwe na mamlaka kwanza, upimaji wa viwanja uufuate. Mkianza na bikoni halafu ndipo mtafute mchoro, mtakwama kwenye hati, na wateja wenu watakwama pamoja nanyi.

Barabara zenyewe ziwekeni kwenye mteremko unaofaa. Mtaro wa udongo unahitaji angalau nusu mita ya kushuka kwa kila mita 100. Chini ya hapo tope linatuama na mbu wanazaliana. Mteremko ukizidi mita tatu au nne kwa kila 100, maji yanaanza kuchimba, na hapo mtajenga kwa mawe au mtaweka vizuizi vidogo vya kupunguza kasi. Barabara ya moramu (changarawe ya kushindilia) ya upana wa mita sita iwe na mgongo, katikati pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 15. Greda likipita bila kuacha mgongo limewachimbia mto. Kalavati la kuvukia korongo lisipungue kipenyo cha milimita 900, kwa sababu hilo mtu anaingia na koleo akalizibua. Yale madogo yakishajaa mchanga na chupa za plastiki ndiyo basi.

Na kabla ya kushindilia, laza mabomba matupu kuvuka chini ya barabara kila baada ya viwanja kadhaa. Siku maji ya bomba yakifika, mafundi watapitisha mpira ndani yake na barabara itabaki nzima. Nimeona lami yenye miezi michache ikikatwa kwa mtaimbo kupitisha bomba la inchi robo tatu, na kiraka chake kikawa shimo masika iliyofuata. Amueni pia nguzo za umeme zinasimama upande upi na bomba la maji linapita upande upi. Ni mstari mmoja tu kwenye mchoro, hauongezi hata shilingi.

Korongo msifukie. Hilo ni mfereji uliochimbwa bure kwa miaka mingi, na kazi yenu ni kuliachia nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Afisa mazingira wa halmashauri aje aone korongo lenu linahesabiwaje, na jibu lake mlipate kwa maandishi. Kando yake acheni miembe ile, iwe eneo la wazi.

Kama kaka zako wanadhani nazidisha, waambie wafikirie bonde la Msimbazi. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 ulishalitaja bonde lile kuwa eneo hatarishi. Ramani ilikuwepo, na watu wakajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yakaua, na waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ikawekwa Jangwani, bondeni, na maji yakaifikia mara kwa mara. Sasa linatumika fungu kubwa, pamoja na mkopo wa Benki ya Dunia, kurekebisha bonde ambalo kuliacha wazi kusingegharimu kitu.

Upande wa mazuri wapeleke Sinza. Katika miaka ya 1970 Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilikuwa kwenye mradi wa viwanja na huduma: barabara zikachorwa na maji yakavutwa, kisha mwananchi akapewa kiwanja ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Wakati huohuo Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, ikabidi barabara zitafutiwe njia katikati ya nyumba. Zimepita karibu miaka 50. Nenda na bajaji Sinza, kisha ingia mitaa ya ndani ya Manzese, uone tofauti ya kutangulia na kufuatia.

---

Msongola Juu

Mzee wangu Mchundo shikamoo, umeandika yote. Niongeze la upande wa mnunuzi.

Nilinunua kiwanja kilichopimwa, chenye hati safi, kila karatasi halali. Eneo hilo sitalitaja. Tulipoanza kujenga hakuna aliyejua sakafu yake inatakiwa kuwa na kimo gani. Jirani wa kwanza akamwaga malori ya kifusi, akajiinua. Wa pili akaona maji yamehamia kwake, akamwaga zaidi. Mtaa mzima ukawa unapandishana hivyo, mpaka mama mmoja mjane aliyejenga mwanzo kabisa, wakati bado pako sawa, nyumba yake ikawa ndiyo bwawa letu sote. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu yule mama hakukosea chochote.

Dada, mhandisi wenu akishamaliza, kila kiwanja kiandikwe kimo cha sakafu kwa kupima kutoka katikati ya barabara iliyo mbele yake, na kimo hicho kiingie kwenye mkataba wa mauzo. Iandikwe pia kwamba hakuna kujenga ukuta juu ya mtaro, na kwamba daraja la kuingilia getini linajengwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Kwetu kila mtu alijiwekea kabomba kake mbele ya geti, na mtaro ukawa na makoo membamba kuanzia juu mpaka chini.

Jingine: kama shamba linapakana na barabara kuu au ya mkoa, pimeni kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Kuna watu wanauziwa viwanja vya mbele kwa bei ya juu, kesho yake wanaamka na alama ya X ya kubomolewa ukutani.

---

Mwana Mtwapa

Assalaam alaykum nduguzangu wa Dar. Huku kwetu Kilifi mambo ni hayo kwa hayo, ila sisi hesabu yetu ni ya futi. Ploti ya hamsini kwa mia. Dalali atakwambia eka moja yatoa nane, na ukishakata nane barabara imebaki kijinjia tu.

Nataka mzungumze kuhusu choo, maana sijaona mtu amegusia. Ploti ya hamsini kwa mia ni kama mita 15 kwa 30. Kipimo kinachotajwa sana baina ya shimo la choo na kisima ni mita 30. Sasa nitie wapi kisima na jirani kila upande ana shimo lake? Na huku chini ni mwamba wa matumbawe, una nyufa, maji machafu yanakwenda mbali bila ya kuchujwa. Watu walichimba kila mtu kisima chake na choo chake, na baada ya muda maji yale hayafai kunywa. Chanika sijui mna mchanga au mna mwamba, ndiyo maana nakubaliana na mzee kuhusu mashimo ya majaribio. Mkishachimba, yaangalieni tena katikati ya masika, maji ya ardhini yamepanda hadi wapi. Yakiwa karibu, shimo la choo halitanyonya, litajaa na kufurika.

Kwa ekari 12, bora kisima kimoja kirefu cha pamoja, sehemu ya juu ya shamba, mbali na mashimo yote, na tangi lake. Kitengewe kiwanja chake tangu kwenye mchoro. Ukingoja mpaka viwanja vimekwisha, hakuna atakayewapa.

---

BintiMzee

Ahsanteni sana. Jana usiku niliwasomea kaka zangu jibu la mzee, hesabu ile ya 48,564 tukaipiga tena kwa kikokotoo mbele ya wote, na dalali ameambiwa asubiri. Kaka wa pili anasema kutoka 80 kwenda 50 ni hasara ya viwanja 30, tutailipaje? Na pesa ya kuanzia hatuna. Akiba yetu sote inatosha kumlipa mpimaji wa kontua na labda mhandisi, si zaidi.

---

Mchundo Mstaafu

Mwambie kaka yako kwamba viwanja 30 havijapotea, kwa sababu havikuwahi kuwepo. Vile vingekuwa barabara na korongo vyenye bikoni. Kiwanja kinachofikika kwa gari masika, chenye mtaro na nguzo ya umeme mbele, hakiuzwi bei moja na cha jirani zenu wa juu. Waulizeni wao wenyewe sasa wanauza kwa shilingi ngapi, na kwa nini wanunuzi wanageuza njiani.

Kuhusu pesa, akiba mliyonayo ndiyo hasa inayotakiwa kwa hatua hii. Itumieni kwa kontua, mashimo ya udongo, mchoro na mchanganuo wa gharama kutoka kwa mhandisi. Mchanganuo uwe na kila kitu: kung'oa visiki, kuchonga, moramu na umbali wa kuisomba, mitaro, kalavati, mabomba matupu, kisima kile alichokisema ndugu yetu wa Mtwapa. Juu yake ongezeni asilimia 10 ya dharura. Jumla hiyo igawanyeni kwa idadi ya viwanja vitakavyouzwa, muone kila kiwanja kinabeba mzigo gani. Bila hesabu hiyo mtapanga bei kwa kumsikiliza dalali, na pesa itaisha kabla greda halijafika.

Halafu uzeni kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe viwanja vichache vilivyo karibu na barabara iliyopo, ambavyo havihitaji kazi kubwa. Pesa yake iingie kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu wa familia, na shilingi ya kwanza ijenge njia ya kutokea maji, kule chini korongoni. Mitaro hujengwa kutoka chini kupanda juu. Hili wengi hulikosea, wanaanza juu kwa sababu ndiko kunakoonekana na wateja, na mvua ya kwanza inakuta mtaro mzuri unaoishia katikati ya shamba. Mkimaliza njia ya kutokea, ichongeni barabara kuu ya ndani na mitaro yake, ndipo mfungue awamu ya pili. Kila mmoja wenu saba asubiri kuchukua kiwanja chake hadi kazi hiyo iishe. Hapo ndipo familia nyingi hupasuka, kwa hiyo muhtasari uandikwe leo mngali mnaelewana na kila mtu atie saini.

Onaneni na ofisi ya wilaya ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, mapema, muwaonyeshe mchoro, muulize barabara zenu zinatakiwa kuwa na vipimo gani ili siku moja ziweze kuingizwa kwenye mtandao wao. Ulizeni pia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kama mradi wa ukubwa huo unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Jibu likija wakati mchoro bado ni wa penseli halina maumivu.

Kuna mtu mmoja hatujamtaja hapa, naye ni jirani wenu wa chini. Maji yakitoka kwenu yanaingia kwake. Msimfanyie mlichofanyiwa na wa juu. Mwendeeni pamoja na mwenyekiti wa mtaa kabla mchoro haujapitishwa, mkubaliane korongo linapitaje kwake na upana gani usiguswe, na wa juu nao waitwe kwenye kikao hichohicho. Mkiweza kuwapata wote watatu mezani, huenda mkachangia kalavati moja kubwa la chini badala ya kila mtu kuhangaika na la kwake.

Mpimaji wa kontua aingie sasa, kabla ya Machi, maana majani yakishaota kazi inakuwa ngumu na bei inapanda. Akimaliza, iweke ramani hapa, ukifunika majina na namba za mipaka. Nitakuchorea njia ya maji ninavyoiona, nawe utampelekea mhandisi wako aikosoe.